Historia ni ya Aliyewahi Mitamboni

Kwenye chemsha bongo za historia, swali la ziwa letu halikosi. "Nani aligundua Ziwa Victoria, na mwaka gani?" Mtoto wa Mwanza anajibu hata muulizaji hajamaliza: John Hanning Speke, 1858. Anapewa alama zake, linafuata swali la Columbus, kisha la Vasco da Gama, kisha la Mkutano wa Berlin, na mambo yanaendelea.

Wengi tumeshazoea kulikataa jibu hilo kwa hoja moja: atagunduaje ziwa ambalo watu walikuwa wanavua samaki humo tangu enzi za mababu? Hoja ni ya kweli na siipingi. Tatizo langu ni kwamba inaishia njiani. Mimi kinachonisumbua ni hiki: ilikuwaje mtu aliyekaa Mwanza siku chache tu akalibadilisha ziwa jina, halafu mtu aliyeishi kisiwani humo miaka mingi, akaandika mamia ya kurasa juu ya maisha ya watu wake, akafa kabla hajakishika mkononi kitabu chake?

Jibu ninalolipata wala si la kishujaa. Mmoja aliwahi mitamboni, mwingine alichelewa. Na nikiitazama historia ya dunia kwa jicho hilo, naona mambo mengi yamekwenda hivyo hivyo.

Hebu tuanzie mbali kidogo, ili isionekane kuwa ni kilio cha watu wa Kanda ya Ziwa peke yao. Bara la Amerika lilikuwa na watu maelfu ya miaka kabla ya mzungu yeyote. Mabaharia kutoka Ulaya Kaskazini walifika na kujenga huko miaka kama 1,000 iliyopita. Columbus alifika 1492. Sasa jiulize, jina la bara lile limetoka kwa nani kati ya hao? Hakuna hata mmoja. Limetoka kwa Amerigo Vespucci, mtu wa Florence, ambaye barua za safari zilizotolewa kwa jina lake zilichapwa na kusambaa Ulaya kama habari za udaku zinavyosambaa leo kwenye simu. Mwaka 1507, katika mji mdogo wa Saint-Dié, ambao leo uko Ufaransa, mchora ramani Martin Waldseemüller na wenzake walichapa ramani ya dunia. Walikuwa wamezisoma barua zile, basi wakaiandika ardhi mpya kwa jina lake: America. Columbus alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Cha ajabu, kwenye ramani ya 1513 Waldseemüller mwenyewe aliliacha jina hilo. Alikuwa amechelewa. Ramani za mwanzo zilishatoka, na kitu kikishachapwa hakirudi.

Turudi sasa Mwanza. Mwaka 1858 Richard Burton na Speke walikuwa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wakitoka Ziwa Tanganyika. Habari za ziwa jingine upande wa kaskazini hawakuziota. Walipewa na wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wakiishi pale, hasa Sheikh Snay bin Amir, mtu aliyezijua njia za bara kwa miaka mingi. Wafanyabiashara hao walikuwa na jina la kuliita ziwa hilo. Waliliita Ukerewe, kwa jina la kisiwa.

Burton alibaki Kazeh. Speke akaondoka na wapagazi na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akaishi India, na ambaye ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya Speke kwa sababu walielewana kwa Kihindustani. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke akayaona maji kutoka juu ya kilima, hapa hapa Mwanza. Alipima mwinuko wa ziwa kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, akauliza maswali mawili matatu, akageuza. Hakulizunguka ziwa, hakuliona upande wa pili. Lakini aliondoka na mambo mawili kichwani: kwamba hiki ndicho chanzo cha Mto Nile, na kwamba ziwa litaitwa kwa jina la malkia wake.

Burton hakukubali. Kwake ushahidi ulikuwa haba, na kusema kweli ulikuwa haba. Ila Mei 1859 Speke alitangulia kufika London, akaenda kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, akasema yake. Burton alipotua chini ya wiki mbili baadaye, habari ilishazagaa mjini. Speke akapata safari nyingine, 1862 akafika Jinja pale maji yanapotoka ziwani kuanza safari ya Misri, na mwishoni mwa 1863 kitabu chake kikawa madukani. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo ambao yeye na Burton walitarajiwa kukutana ana kwa ana. Hadi hapo hakuna aliyekuwa amethibitisha lolote. Ni Henry Morton Stanley aliyelizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875, akionyesha kuwa ni ziwa moja.

Naomba nisieleweke vibaya: Speke alikuwa sahihi. Nile inatoka ziwani mwetu. Ninachosema ni kwamba jina Victoria lilikwenda mitamboni kabla ushahidi haujakamilika, na jina Ukerewe likabaki kuwa la kisiwa. Mpaka leo ukipanda meli ya Nansio, maji yaliyotandaa kusini mwa kisiwa yanaitwa Ghuba ya Speke. Ndiyo kusema, ukienda Ukerewe unapita kwanza kwa Speke.

Na huko Ukerewe ndiko alikokulia huyu wa pili, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896. Alisoma kwa mapadri, akaendelea seminari ya Rubya, ng'ambo ya pili ya ziwa, upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini na mengine. Hakuwa padri. Alirudi nyumbani, akaoa, akaanza kuandika alichokijua. Kufikia 1945 alikuwa amemaliza riwaya ndefu kwa Kikerewe, lugha ya mama yake. Mwaka huo dunia ilikuwa inahesabu maiti wa vita kuu ya pili, na huku kisiwani mtu mmoja anafunga mswada unaohusu mume na mke wanaopendana ila hawajajaliwa mtoto.

Hicho ndicho kisa cha *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Ndugu wa mume wanamsimanga mke kwa ugumba, wazazi wake wanamrudisha kwao, na mume inambidi aende ukweni kujinyenyekeza na kutoa pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Ukisikia hivyo utadhani ni hadithi nyepesi. Ukiingia ndani unakuta namna ya kuitengeneza hiyo pombe hatua kwa hatua, namna ya kusalimia mkwe, uvuvi, dawa, kilio cha msiba, nani anakaa wapi na nani anakula na nani. Ni Ukerewe ya kabla ya wageni wa Ulaya kuja kutawala, imeandikwa na mtu aliyeogopa kwamba wajukuu hawataikuta. Speke alitupa mwinuko wa ziwa. Kitereza alitupa watu walioishi nalo.

Sasa angalia safari ya mswada huo. Padri Almas Simard, Mkanada wa shirika la White Fathers, alimtia moyo mwandishi, akaanza kuutafsiri kwa Kifaransa, akafariki kabla ya kumaliza. Kuchapa kwa Kikerewe hakuna aliyetaka, wasomaji ni wachache, nani atanunua? Miaka ikapita. Ukoloni ukaondoka, Uhuru ukaja, mswada bado. Mwishowe mzee akaamua kuutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kazi yote upya, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 70. Kitabu kikatolewa na Tanzania Publishing House, majuzuu mawili, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitereza alifariki 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Speke alisubiri miaka mitano na kidogo toka Kazeh mpaka kitabu chake kiwe madukani. Kitereza alisubiri zaidi ya miaka 35, na bado hakukiona.

Wala si peke yake. Huko Peru, miaka kama 110 baada ya ramani ile ya Saint-Dié, mtu mmoja wa asili ya huko, Felipe Guaman Poma de Ayala, alimwandikia mfalme wa Uhispania barua ya kurasa karibu 1,200, yenye michoro karibu 400 aliyoichora mwenyewe. Alieleza nchi ilivyokuwa kabla ya Wahispania na mateso yaliyofuata. Hakuna ushahidi kwamba mfalme aliisoma. Mswada ulikuja kuonekana mwaka 1908 katika maktaba ya kifalme ya Copenhagen, Denmark, na ukachapwa Paris 1936. Zaidi ya miaka 300. Katika miaka hiyo, historia ya Peru ilikuwa ikisomwa kwa kalamu za waliowahi.

Kuna rafiki yangu msomaji akanibishia: "Mbona mnalalamika? Hao wote si wamechapwa?" Wamechapwa, ndiyo. Lakini kuchelewa kuna gharama yake. Kitabu kinachochelewa miaka 35 kinakuta maswali ya mtihani yameshatungwa. Kinakuta ramani imeshachorwa, ghuba zimeshapewa majina, na mwalimu ameshakariri. Kikija kinawekwa rafu ya "utamaduni", wakati cha Speke kipo rafu ya "historia". Hapo ndipo ninapouona uonevu. Kwa maoni yangu kitabu cha Kitereza ni cha historia kabisa, ila kimevaa nguo za riwaya.

Mwingine atasema sisi tulikuwa na masimulizi ya mdomo, hatukuhitaji mitambo. Nakubali nusu. Kitereza mwenyewe asingeandika bila wazee waliomsimulia. Lakini yeye aliyekulia ndani ya masimulizi hayo ndiye aliyeona hayatatosha, akashika kalamu. Na upande wa pili pia ni kweli: Sidi Mubarak Bombay tunamjua leo kwa sababu akina Speke walimwandika. Chapa iliyomfanya msaidizi ndiyo hiyo hiyo iliyomtunza. Sasa nani alimwandika mpagazi aliyebeba mzigo karibu naye?

Kitereza amepata bahati kidogo baadaye. Kuna tafsiri ya Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi na mzaliwa wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza aliyoitoa moja kwa moja kwenye Kikerewe. Kwa hiyo mwanafunzi wa Marekani anaweza kukiagiza akaletewa mlangoni. Hapa Mwanza mimi nimewauliza wauza vitabu vya mtumba mara nyingi, jibu ni lile lile: "Hicho hatuna, labda uache namba." Vya kujiandaa na mitihani vipo tele, na ndani yake Speke yupo, 1858.

Sitaki Speke afutwe kwenye chemsha bongo. Abaki na mwaka wake. Naomba tu liongezwe swali moja chini yake: kabla ya kuitwa Victoria, wafanyabiashara wa Tabora waliliita ziwa hili nani? Mtoto akishajibu "Ukerewe", mwalimu ana mlango wa kumwambia kwamba kisiwa hicho kilikuwa na mwandishi. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna yale majuzuu mawili yamefunikwa na vumbi juu ya kabati, yafute, usome, halafu mwazime jirani. Lile la pili hasa, maana ndilo gumu zaidi kupatikana. Mimi mpaka sasa natafuta.