Nambari ya virusi inasema nini? Somo la Hong Kong na la Beni

Ndugu na dada, munakumbuka mwaka wa 2020? Tarehe 10 Machi, mugonjwa wa kwanza wa Covid-19 katika inchi yetu alitangazwa, Kinshasa. Kuanzia ile siku, ulizo moja lilizunguka katika nyumba nyingi: juu ya nini watu wawili wa nyumba moja wanapata virusi vilevile, mumoja anakohoa siku mbili tu, mwingine anakufa? Wengi walijibu: "Yule alipata virusi vingi." Historia inaonyesha kama hilo jibu ni nusu ya ukweli.

Kwanza ilibidi watu wajue kuhesabu. Mwaka wa 1952, Renato Dulbecco, mutu wa Italia aliyefanya kazi Marekani, alionyesha njia: unaweka virusi juu ya tabaka ya chembe hai, na pahali virusi vinaua chembe panabakia doa. Unahesabu madoa. Mwaka wa 1983, Kary Mullis alipata wazo la PCR, ile njia ya kuzidisha kipande cha ADN mara mbili, kisha mara mbili tena. Kutoka pale njo tulipata nambari ya Ct: mashini inazunguka mara ngapi mbele ya kuona virusi? Virusi vikiwa vingi, mizunguko inakuwa kidogo. Kati ya Ct 20 na Ct 30, tofauti ni karibu mara 1 000.

Sasa twende Hong Kong, Machi 2003. SARS iliingia katika majumba marefu ya Amoy Gardens, na wakaaji zaidi ya 300 wakapata ugonjwa. Profesa Malik Peiris na wenzake walifuata wagonjwa 75 kwa majuma tatu, wakipima virusi na kuangalia mapafu. Virusi katika pua vilipanda mpaka karibu siku ya 10, kisha vikashuka. Mutu angefikiri wagonjwa nao walianza kupona. Kumbe hapana! Wengi walizidi kuwa mubaya wakati virusi vilikuwa vinashuka, na katika juma la tatu, mugonjwa mumoja juu ya tano mapafu yake yalishindwa kabisa. Peiris na wenzake waliona kama pale haikuwa tena kazi ya virusi peke yake: ulinzi wa mwili wenyewe ulikuwa unaharibu mapafu.

Hiyo haimaanishe kama nambari haina kazi. Katika Vietnam, mwaka wa 2004 na 2005, wanganga walichunguza wagonjwa 18 wa mafua ya ndege, H5N1. Watu 13 walikufa. Wale waliokufa walikuwa na virusi vingi zaidi katika koo, na ulinzi wa mwili wao ulikuwa umewaka kupita kiasi. Unaona namna mambo mawili yanaungana? Virusi ni kiberiti. Kikiwa kikubwa, moto unakuwa mukubwa. Lakini nyumba ikiisha kushika moto, hata kiberiti kikizimika, itaendelea kuwaka.

Mwaka wa 2020 somo hilo lilirudi. Katika New York, wagonjwa zaidi ya 1 100 wa hopitali walipimwa: wale waliofika na virusi vingi walikufa zaidi. Lakini mwezi wa Juni, uchunguzi wa Uingereza unaoitwa RECOVERY ulionyesha kama deksametazoni, dawa ya bei kidogo, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kati ya wagonjwa wa mashini ya kupumua. Ile dawa haiue virusi. Inatuliza ulinzi wa mwili. Na wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia. Mutu anayeangalia hesabu ya virusi peke yake hangeelewa hata kidogo juu ya nini inafanya kazi.

Kwetu je? Ebola haiko ugonjwa wa mapafu, lakini hiyo nambari ya Ct tunaijua vizuri juu yake. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, uchunguzi wa PALM, pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe, ulijaribu dawa nne katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kati ya wale waliopewa mAb114, dawa iliyotoka katika damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, wenye Ct juu ya 22 walikufa karibu mumoja juu ya kumi. Wenye Ct ya 22 ao chini, karibu saba juu ya kumi. Na kila siku ya kuchelewa nyumbani iliongeza hatari.

Juu ya nini kule nambari inasema wazi hivyo? Juu ilipimwa katika damu, na damu inapita mwili wote. Kipimo cha pua kinaonyesha mulango, hakionyeshe chumba. Na siku ya 3 haiko siku ya 12.

Njo maana, siku utashika karatasi ya labo ya ndugu yako, usimuhukumu kufa ao kupona juu ya nambari moja. Uliza maulizo tatu: kipimo kilitoka wapi katika mwili? Ilikuwa siku ya ngapi ya ugonjwa? Na sasa hivi anapumua namna gani? Kama anapumua kwa shida, usingojee nambari: mupeleke hopitali leo.