Karata ni zile zile, mchezo si ule ule



Kuna mwenzetu mmoja, tulisoma naye agronomia, alikuja kunikopa pesa ya kodi ya nyumba. Yake iliishia ku telefone, mu kazino. Alikuwa amesikia kwamba blackjack, ule mchezo wa 21, mtu anaweza kuushinda kwa kuhesabu karata. Basi alihesabu kwenye meza ya moja kwa moja, pale unaona dada anagawa karata mbele ya kamera. Meza ile ilipokuwa ghali kwake, akahamia kwenye ile ya video, ya bei ya chini. Akaendelea kuhesabu.

Sikumcheka, juu kosa lake liko na historia ndefu.

Mwaka 1891, mu Brooklyn, Marekani, Sittman na Pitt walitengeneza mashine ya poker. Ilikuwa na ngoma 5, kila ngoma karata 10. Piga hesabu: ni 50, na pakiti iko na 52. Mara nyingi zilizotolewa zilikuwa kumi ya piki na valeti ya keri. Mkono mkubwa kupita yote, ule wa kumi mpaka asi za alama moja, uko wa aina 4. Kwa kutoa karata mbili tu, aina 2 zilikuwa zimeshakufa. Mchezaji aliona karata anazozijua, akafikiri ni poker ya mezani. Kumbe hapana.

Tuje kwenye meza. Mwaka 1956, Roger Baldwin na wenzake watatu, waliokuwa mu jeshi la Marekani, walitangaza hesabu ya namna bora ya kucheza blackjack. Profesa Edward Thorp akaendeleza hesabu ile na ordinatere ya IBM 704, na mwaka 1962 akatoa kitabu chake, Beat the Dealer.

Siri yake sisi watu wa mbegu tunaielewa haraka. Chukua mfuko wa maharagi 52, nyekundu na nyeupe. Toa moja, usiirudishe. Zikitoka nyekundu nyingi, unajua nyeupe ndizo zimebaki nyingi. Blackjack ya mezani iko vile: karata iliyotoka inabaki inje, njo maana kuhesabu kuna maana. Kazino zilishtuka kweli. Mwaka 1964 zile za Las Vegas zilibadilisha sheria za mchezo, wateja wakaondoka ku meza, zikarudisha sheria za zamani baada ya muda mfupi. Kisha zikapata dawa nyingine: pakiti nyingi kwa pamoja na kuchanganya mara kwa mara.

Sasa video. Mwaka 1979, kampuni ya Si Redd, iliyokuja kuitwa IGT, ilileta Draw Poker, mashine yenye kioo kama televisheni. Mu Nevada, sheria inadai karata za kioo ziwe na nafasi sawa na za pakiti ya kweli. Kwa upande huo mashine ile ni nyoofu kuliko ya 1891. Lakini mambo mawili yaligeuka. Kwanza, hakuna tena mtu wa kumsoma uso ama kumdanganya. Unapambana na orodha ya malipo. Pili, kila mkono unaanza na pakiti nzima mpya. Maharagi yote yanarudishwa mu mfuko! Blackjack ya video nayo kwa kawaida iko vile vile. Uliyoyahesabu hayana kazi.

Kwenye poker ya video nguvu yote iko mu ile orodha. Ukicheza bila kosa hata moja, mchezo unaolipa kuanzia jozi ya valeti unarudisha 99.54% ikiwa fulu inalipa 9 na karata tano za alama moja zinalipa 6. Ikiwa ni 8 na 5, unarudisha 97.30%. Kioo ni kile kile, ni tarakimu mbili tu zimegeuka, na wachezaji wengi hawaziangalii.

Halafu meza yenyewe ikaingia mu video. Evolution, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilifungua studio yake mu Riga, Latvia: mgawaji wa kweli, karata za kweli, mchezaji mbali. Meza kama zile kwa kawaida zinatumia pakiti 8, na karata zinachanganywa mbele pakiti hazijaisha. Hata pale, hesabu ya mwenzetu ilikuwa na faida ndogo sana. Kwenye video haikuwa na faida yoyote.

Kwa hiyo anayehama kutoka meza kwenda kioo, ama kurudi, ajiulize: karata iliyotoka inabaki inje ama inarudi? Napambana na nani? Malipo yameandikwa namna gani? Lakini tusidanganyane: ukishajibu vizuri yote matatu, kazino bado iko na fungu lake pande zote mbili.

Mwenzetu nilimpa nusu ya alichoomba, ndiyo niliyokuwa nayo. Nilimkumbusha jaribio letu la kuotesha mbegu mu mwaka wa pili. Alinyamaza, kisha akasema: "Nilihesabu vizuri, mzee. Paka mfuko njo haukuwa ule ule."