Matembezi ya Asubuhi katika Misitu ya Irangi

Katika uwanda wa kati wa Tanzania mwaka hugawanyika sehemu kubwa mbili, kiangazi na masika. Lakini baina ya hizo yako majuma machache ambayo mgeni kutoka nchi za baridi angeyaita machipuo. Miezi ya Septemba na Oktoba, mvua ingali mbali, miyombo ya vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, hutoa majani mapya yenye rangi ya shaba, kwa maji yaliyowekwa akiba katika mashina na kutafutwa na mizizi mirefu. Atembeaye asubuhi kutoka Kolo au Haubi wakati huo hupita kama apitaye bustanini: kivuli chepesi, nyasi kavu, na ndege wasemao kila upande.

Bustani hii, hata hivyo, haina umri mkubwa. Miguuni pa miti yamo makorongo yenye kina kirefu, na kingo zake nyekundu zaeleza habari nyingine. Miaka 50 iliyopita sehemu kubwa ya vilima hivi ilikuwa udongo mtupu. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa msaada wa Sweden. Matuta yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini mifugo ikaendelea kula na kukanyaga. Ndipo mwaka 1979 ilipotolewa amri nzito: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waondoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Baada ya hapo nyasi zilirudi upesi, na visiki vya miyombo vilivyodhaniwa kufa vikachipua vyenyewe.

Kwa hiyo ni rahisi kusema kwamba mfugaji ndiye aliyeiharibu nchi. Historia haikubali hukumu ya haraka namna hiyo. Wataalamu waliopima umri wa mchanga ulioteremka katika miteremko ya Haubi wamekuta kwamba mmomonyoko wa kwanza ulitokea zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, kwa mabadiliko ya hali ya hewa, na mwingine ulianza miaka 900 hivi iliyopita, ambao wanauhusisha na kilimo na ufugaji. Tena, katika miaka ya 1920 na iliyofuata, utawala wa Kiingereza wenyewe ulifyeka misitu ya Kondoa ili kumfukuza mbung'o, kisha katika miaka ya 1940 ukawalazimisha wenyeji kuchimba matuta na kupunguza mifugo. Mwenye shoka na mwenye kutoa lawama alikuwa mmoja.

Wala tusisahau nani aliyelipa gharama ya kivuli hiki. Kwa Mrangi ng'ombe ni maziwa ya mtoto, samadi ya shamba, mahari ya kijana na akiba ya mwaka wa njaa. Siku mifugo ilipoondolewa, wengine waliipeleka kwa jamaa walio nje ya mipaka, wengine wakauza, na wengine wakahama nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ng'ombe wa maziwa walipoanza kurudishwa, nao walikuwa wachache, waliofungwa zizini na kuletewa majani. Aliyekuwa na nguvu za kukata majani na fedha za kununua ng'ombe alinufaika. Asiyekuwa navyo alibaki na shamba lisilo na samadi.

Yafaa basi msomi apitaye chini ya majani hayo mekundu asiyasifu kama kazi ya maumbile peke yake, wala kama ushindi wa amri peke yake. Udongo umeokoka, na hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa pasipo udongo hapana mkulima wala mfugaji. Lakini msitu huu ulimea mahali palipokuwa na malisho ya watu, na watu hao hawakuulizwa. Atakayeandika habari za kuhifadhi nchi yetu bila ya kuwataja atakuwa ameandika nusu yake tu.