Safu ya Lugha: Kufufua, Kuhuisha, Kuunda Upya

Hapa Khuwair ya Kusini, si mbali na Jumba la Opera la Kifalme la Muscat, nawasikia Waswahili wenzangu wakisema kila baleti kongwe ya Kirusi inayorudi jukwaani “imehuishwa”. Sivyo. Kuhuisha, neno lenye asili ya Kiarabu na undugu na “hai”, ni kukitia nguvu kilichodhoofika kabla hakijafa: tunahuisha chama, tunahuisha ngoma ambayo bado inachezwa. Kufufua ni kukirudisha kilichokufa.

Kwa mfano, baleti “Kuamka kwa Flora” ya mwaka 1894 ilikuwa imepotea. Mtayarishaji wa baleti Sergei Vikharev aliirejesha kwenye ukumbi wa Mariinsky mwaka 2007 kwa kusoma hatua zilizoandikwa zamani kwa alama za Stepanov. Huko ndiko kufufua. Lakini “Binti wa Farao” ya Marius Petipa, ya mwaka 1862, mtunzi wa densi Pierre Lacotte alipoipandisha jukwaani kwenye ukumbi wa Bolshoi mwaka 2000, sehemu kubwa ya hatua alizitunga mwenyewe kwa mtindo wa kale. Huko ni kuunda upya, kazi yenye heshima yake. Basi tuseme “imefufuliwa” pale tu hatua za asili ziliporudi. Zilipotungwa mpya, tumtaje mtunzi wake.