Milimita 46.5 zilizotawala lenzi kwa karibu miaka 60

Mwaka 1959 kampuni ya Nippon Kogaku (baadaye Nikon) ya Japani iliingiza sokoni kamera ya Nikon F. Kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kwenye filamu, mafundi wake waliacha milimita 46.5. Kipimo hicho kilibaki vilevile hata filamu ilipoipisha sensa ya kidijitali, na kila aliyebuni lenzi ya mfumo huo alilazimika kukitii.

Sababu yake ni kioo. Katika kamera za SLR, na baadaye DSLR za kidijitali, kioo husimama kwa mshazari nyuma ya lenzi na kuupeleka mwanga juu, hadi kwenye jicho la mpiga picha. Akibonyeza kitufe, kioo huinuka, mwanga ukapita, kisha kikarudi chini. Ufundi huo ulikomaa hatua kwa hatua: Kine Exakta ya Dresden mwaka 1936, Contax S yenye prizimu ya kuinyoosha taswira mwaka 1949, na Asahiflex IIb ya mwaka 1954, ambayo kioo chake kilirudi chenyewe papo hapo. Hatimaye mpiga picha aliona kupitia lenzi ileile inayopiga picha, iwe ndefu ya kumvuta simba aliye mbali au fupi ya kuenea sebule nzima.

Lakini kioo kinachoinuka kinahitaji nafasi, na nafasi hiyo ilitolewa kwa hasara ya lenzi. Lenzi ya pembe pana, ikibuniwa kwa njia rahisi, hutaka kukaa karibu sana na filamu. Lenzi ya Nikkor ya milimita 21 iliyotengenezwa kwa ajili ya Nikon F iliingia ndani mno kiasi kwamba kioo kilipaswa kuinuliwa na kufungwa huko juu. Mpiga picha akabaki kuchungulia kupitia kitundu cha ziada kilichopachikwa juu ya kamera. Faida kubwa ya SLR ilikuwa imepotea.

Mfaransa Pierre Angénieux alikuwa tayari ameonyesha njia nyingine mwaka 1950. Katika lenzi yake ya milimita 35 aliweka mbele vipande vya kuutawanya mwanga, na nyuma vipande vya kuukusanya, ili taswira itue mbali zaidi nyuma ya lenzi na kioo kipate kupita. Karibu lenzi zote za pembe pana za SLR zilifuata msingi huo. Hata hivyo, ziliongezeka vipande na uzito, mistari iliyonyooka ikapinda, na pembe za picha zikafifia. Wabunifu walipambana na kasoro hizo kwa kompyuta, kwa malighafi maalumu na kwa vipande ambavyo mkunjo wake si wa tufe. Nikkor ya milimita 14-24 f/2.8 ya mwaka 2007 ilisifiwa sana, lakini ilikuwa na uzito wa takriban kilo 1, na uso wake uliovimba haukukubali kufungwa kichujio cha kawaida.

Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera isiyo na kioo: sensa hupeleka taswira kwenye skrini ndogo ndani ya kitundu cha kuchungulia. Mwaka 2013 Sony A7 ilileta sensa yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35. Kwa kuwa kioo hakikuhitaji tena nafasi, mwaka 2018 Canon ilipunguza umbali kati ya lenzi na sensa kutoka milimita 44 hadi 20, na Nikon, katika mfumo wake mpya wa Z, kutoka 46.5 hadi 16, ikiwa na mdomo wa kufungia lenzi wenye kipenyo cha milimita 55.

Sasa vipande vikubwa viliweza kukaa jirani na sensa. Nikkor mpya ya 14-24 f/2.8, ya mwaka 2020, ina gramu 650. Canon iliitumia nafasi hiyo kuongeza mwanga: RF 28-70 ya mfumo wake mpya inafika f/2, ilhali zumu za 24-70 za mfumo wake wa zamani wa EF ziliishia f/2.8. Tena, kwa kuwa skrini huonyesha picha iliyokwisha kusahihishwa, mbunifu anaweza kuiachia prosesa kazi ya kunyoosha mistari na kuelekeza nguvu zake kwenye ukali wa picha.

DSLR hazijawa takataka. Kitundu chao huonyesha mwanga wenyewe, bila kuchelewa, na betri hudumu zaidi. Lenzi zao pia zina maisha marefu, kwani adapta inayoziba zile milimita 30.5 zilizoachwa huifunga lenzi ya F kwenye mwili wa Z, ingawa isiyo na mota yake italengwa kwa mkono. Lenzi ya Z haiwezi kurudi kwenye DSLR. Mwenye bajeti ndogo anaweza kununua lenzi nzuri ya zamani leo bila hofu: akibadili kamera kesho, ataendelea kuitumia.