Siku 120 za Bula Matari

Singapore ilianguka mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942, na muda si mrefu Wanyanga na Wakumu wa misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, wakaambiwa walete mpira. Malaya ndiko Uingereza na Marekani zilikokuwa zikipata mpira na bati kwa wingi. Malaya ilipopotea, macho yote yakageukia Kongo ya Wabelgiji. Machi mwaka huohuo serikali ya kikoloni, ambayo wenyeji waliiita Bula Matari, ikapandisha siku za kazi ya lazima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka.

Siku hizo ziliandikwa kwa jina la mwanamume, lakini zilimalizwa na nyumba nzima. Baba aliingia msituni kutafuta kamba za mpira zinazoparamia miti, akazichanja, akakinga utomvu na kuugandisha. Za karibu zilipokauka, alizifuata mbali na kulala hukohuko. Shamba likabaki mikononi mwa mama: kufyeka, kupanda, kupalilia, na bado mihogo na ndizi za kulisha wachimba kasiterite zilitakiwa. Wachimbaji nao walisimama mitoni wakisafisha mchanga mweusi mzito ambao mwishowe ungekuwa bati. Wazee walishtuka zaidi ya vijana, maana mateso ya mpira wa enzi za Mfalme Leopold wa Pili yalikuwa hayajasahauliwa.

Masisi, kwenye milima ya Wahunde, vita vilikuwa na sura nyingine. Tangu 1937 Wabelgiji walikuwa wakizihamishia Gishari, hukohuko Masisi, familia kutoka Rwanda, na mashamba ya walowezi yalihitaji mikono. Sasa yalitoa pareto, maua meupe yanayochumwa moja moja, kisha kukaushwa na kusagwa kuwa dawa ya wadudu. Dawa hiyo ilihitajika vitani, maana askari hupigana na chawa na mbu kabla ya kumwona adui.

Kwa hesabu ya serikali mambo yalikwenda vizuri: mpira wa Kongo nzima ulitoka tani zisizotimia 1,200 mwaka 1939 ukapita 11,000 mwaka 1944. Hesabu hiyo haikuonyesha mashamba yaliyomezwa na magugu.

Hatimaye, Februari 1944, Wakumu wa Masisi na Lubutu waliasi, wakiongozwa na Bushiri wa dini ya Kitawala, aliyejiita Mulombozi wa Yesu. Waliomzima ni Force Publique, jeshi lilelile lililoshangiliwa mwaka 1941 kwa kuwashinda Waitalia huko Saio, Ethiopia.

Ushindi wa Saio unatajwa mpaka leo. Wachanja mpira hawatajwi, ingawa vita vyao vilichukua miaka mingi zaidi, na kilimo cha lazima kiliendelea hadi miaka ya 1950. Waliokuwa watoto wa miaka kumi wakati wa vita sasa wamepita tisini. Aliye na mmoja wao nyumbani, Masisi, Walikale au Goma, amkalie karibu na amwandike.