Maji ya Mara ya Pili Kitengela

Kabla ranchi ya pamoja ya Kitengela, Kajiado, haijagawanywa mwaka 1988, Wamaasai waliukabili ukame kwa kuhama: mifugo iliyafuata maji. Viwanja na nyumba za kupanga vilipomeza malisho, watu walitulia, ikabidi maji ndiyo yasafiri. Bomba la Noolturesh liliyaleta kutoka chini ya Kilimanjaro, na visima virefu vikachimbwa, vingi vikitoa maji ya chumvi na floridi inayotia meno madoa. Maji hayo ya mbali, yakishafua na kuosha, huishia shimoni, kisha lori la kunyonya maji taka hulipwa liyaondoe. Tunayalipia kuja na kuondoka.

Afadhali tuyatumie mara ya pili. Wapo wanaosema kufanya hivyo ni uchafu, tena maji hayo yana magonjwa. Hofu ya magonjwa ni ya haki: maji taka mabichi hayafai kumwagilia sukumawiki. Lakini Windhoek, mji mkavu wa Namibia, umeyasafisha hadi yakanyweka tangu 1968. Kitengela haihitaji kufika huko. Maji yaliyotulizwa mabwawani, yakachujwa na kupimwa mara kwa mara, yanatosha kwa miti, vyoo na ujenzi. Kaunti ya Kajiado isiidhinishe mtaa mpya wa nyumba usio na mtambo wa kuyasafisha.